Bili ya Ploti Si ya Baba Peke Yake



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo halitajwi sana katika mafundisho ya ndoa, lakini linavuruga amani katika nyumba nyingi hapa Makongeni na katika miji mingine. Jambo lenyewe ni malipo yanayodaiwa juu ya nyumba ambayo tayari ni yetu. Tumefundishwa kuzungumza juu ya watoto, juu ya wakwe, juu ya pombe na uaminifu. Ni mara chache tunaulizwa: Je, mama, unajua ploti yenu inadaiwa kiasi gani na kaunti? Je, baba, nyumba hiyo ikiungua usiku wa leo, ni nani atakayewajengea nyingine?

Watu husema, "Tukishajenga, tumepumzika." Mpangaji anayelipa kila mwisho wa mwezi humwona mwenye nyumba kuwa mtu asiyedaiwa na yeyote. Lakini mwenye nyumba naye anadaiwa, na madai hayo yamekuwa yakipanda. Bili ikifika mahali ambapo mume na mke hawazungumzi, huleta ugomvi mkubwa kuliko fedha zilizoandikwa juu yake. Kwa hiyo yatupasa kwanza kuyafahamu malipo yenyewe, kisha kuona jinsi yanavyoigusa ndoa, na mwisho kujifunza njia ya kuyabeba pamoja.

1. MALIPO YENYEWE NI YAPI?

Watu wengi huyachanganya. Tuyatenganishe moja moja.

La kwanza ni kodi ya ploti, ile ambayo wengi wetu huiita reti. Hii hulipwa kwa serikali ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, ndiyo iliyozipa kaunti uwezo wa kutoza kodi hii. Hapa Thika zamani ilikusanywa na baraza la manispaa, na tangu mwaka 2013 inakusanywa na Kaunti ya Kiambu. Kwa desturi nchini Kenya kodi hii huhesabiwa kwa thamani ya ardhi tupu, si kwa jengo lililo juu yake. Ndiyo maana jirani mwenye ploti isiyojengwa anaweza kuletewa bili sawa na yako wewe mwenye ghorofa, ikiwa ploti zenu zinalingana.

La pili ni pango la ardhi. Hili hulipwa kwa serikali ya kitaifa, na linamhusu mtu ambaye ardhi yake ni ya kukodishwa na serikali kwa muda, mara nyingi miaka 99. Mwenye ardhi ya umiliki wa daima hadaiwi pango. Kwa hiyo toeni hati yenu kabatini mwone imeandikwa nini. Wapo waliolipa reti kila mwaka wakidhani wamemaliza, kumbe pango limerundikana huko Nairobi.

La tatu ni kodi ya mapato ya vyumba vya kupangisha. Hapa kwetu familia nyingi hujenga vyumba vichache nyuma ya nyumba ili wapate karo ya watoto. Anayepokea kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hupaswa kuilipa KRA sehemu ya kodi hiyo kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango kilikuwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Huhesabiwa kwa fedha zote zilizopokelewa, bila kutoa gharama za kupaka rangi wala za fundi wa mabomba.

La nne ni bima ya nyumba. Hii si kodi, wala kwa familia nyingi hakuna anayeilazimisha. Lakini mliojenga au kununua kwa mkopo wa benki mnajua kwamba benki haitoi fedha mpaka nyumba ikatiwe bima ya moto. Malipo yake huja kila mwaka kama reti.

2. KWA NINI YANAPANDA?

Msiseme tu kwamba viongozi ni wabaya au kwamba watu wa bima ni wezi. Tuangalie sababu, kwa maana anayejua sababu hagombani ovyo na mwenzake.

Thamani ya ardhi imepanda. Barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, watu wengi waliona wanaweza kufanya kazi Nairobi na kulala huku kwetu. Bei za ploti ziliongezeka Ruiru, Juja na Thika. Kila mtu hufurahi anaposikia ploti yake ina thamani kubwa, lakini thamani hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kuhesabu kodi. Huwezi kusherehekea moja na kuikataa nyingine.

Tena, orodha za thamani ya ardhi zilikuwa za zamani mno. Jijini Nairobi, kwa mfano, kodi ilihesabiwa kwa thamani za miaka ya 1980 hadi orodha mpya iliyotayarishwa mwaka 2019 ikaanza kutumiwa mwaka 2023. Orodha ikikaa miaka mingi hivyo, siku ya kubadilishwa huwa ni mshtuko. Mwaka 2024 nchi yetu ilipata sheria mpya ya kodi za ardhi, iliyochukua mahali pa zile sheria mbili za zamani, na ambayo inataka thamani zipitiwe mara kwa mara zaidi. Maana yake ni kwamba familia isikae ikidhani bili ya mwaka huu ndiyo itakayokuwa ya miaka yote.

Kwa upande wa bima, kuna mambo mawili. Kwanza, gharama ya kujenga upya imepanda: saruji, mabati, vyuma na fundi. Nyumba iliyojengwa kwa laki tano zamani haiwezi kujengwa tena kwa laki tano. Pili, majanga yameongezeka. Tunakumbuka mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliyoua karibu watu 300 nchini, na usiku wa Mai Mahiu wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka huo. Tunakumbuka pia usiku wa tarehe 1 Februari 2024 pale Embakasi, Nairobi, gesi ilipolipuka mahali palipokuwa pakijazwa mitungi bila ruhusa, ikaua watu, ikajeruhi mamia na kuteketeza makao. Kampuni ya bima hukusanya kidogo kidogo kutoka kwa wengi ili imlipe mmoja aliyepatwa. Wanaopatwa wakiwa wengi, kila mmoja hutozwa zaidi.

Jambo hili si la Kenya pekee. Wengi wetu tuna watoto au ndugu walioko Marekani. Katika jimbo la Florida, lililo kando ya bahari, kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kiliziangusha kampuni kadhaa za bima, na mwaka 2002 jimbo likaanzisha shirika lake la bima kwa ajili ya watu waliokosa pa kwenda. Baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022 bei zilizidi kupanda. Huko benki nyingi hukusanya kodi ya nyumba na bima pamoja na mkopo, kila mwezi. Mtu anaweza kuona malipo yake yamepanda ingawa mkopo haukubadilika hata senti. Kwa hiyo mtoto wenu akisema kwamba mwezi huu hakuweza kutuma kitu kwa sababu malipo ya nyumba yamepanda, msiharakishe kusema amewasahau.

3. NDOA HUUMIA WAPI?

Bili yenyewe haivunji ndoa. Kinachoumiza ni jinsi tunavyoipokea. Nimeona magonjwa matatu.

Ugonjwa wa kwanza ni siri. Baba hupokea ilani ya kaunti, huikunja na kuiweka chini ya nguo. Anasema moyoni, "Sitaki kumsumbua mama watoto." Mwaka unapita, wa pili unapita. Tuchukue mfano wa hesabu. Bili ni shilingi 10,000, na riba ya kuchelewa, tuseme, ni asilimia 3 kwa mwezi. Baada ya miezi 12 riba peke yake ni shilingi 3,600. Mwaka wa pili bili mpya inaongezwa juu ya ya kwanza, na riba haijalala. Mama anakuja kujua siku mtu wa kaunti anapobandika karatasi langoni, mbele ya wapangaji. Hapo haulizi tena, "Tunadaiwa ngapi?" Anauliza, "Ni mambo gani mengine umenificha?" Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Na deni ni hivyo hivyo.

Siri haiko upande wa wanaume tu. Wapo akina mama wanaopokea kodi ya vyumba na kuitumia kwa mambo mengine, huku baba akidhani reti imelipwa. Wapo walioacha bima ife kwa sababu fedha zake ziliingia katika zamu ya chama.

Ugonjwa wa pili ni lawama. "Wewe ndiye uliyetaka tujenge mjini." "Wewe ndiye uliyekataa tuuze." Maneno haya hayapunguzi bili hata shilingi moja. Yanaondoa tu ile nguvu ambayo wawili wangekuwa nayo.

Ugonjwa wa tatu ni kuachiana. Baba anasema, "Ploti ina jina lako, lipa wewe." Mama anasema, "Hati ina jina lake, mimi sihusiki." Huu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu unafundisha kwamba ndani ya nyumba moja kuna mali mbili na maisha mawili. Siku ya ndoa hatukuahidiana kugawana paa.

Upo pia mzigo wa ploti ya mzee. Familia nyingi hapa zinaishi katika ploti ambayo bado ina jina la baba aliyefariki. Ndugu ni watano, bili ni moja, na anayeishi pale ndiye anayesukumwa kulipa. Mke wake ananung'unika, "Kwa nini tulipe sisi, na siku ya kugawana watakuja wote?" Manung'uniko yake yana haki ndani yake. Lakini dawa si kuacha deni likue. Kwanza, waiteni ndugu, mwaonyeshe bili, na kila mmoja aseme atatoa nini. Pili, anayelipa aweke risiti zote, kwa sababu siku ya kugawana ndizo zitakazosema badala yake. Tatu, fungueni kesi ya urithi mapema. Ardhi yenye jina la marehemu haiuziki, haikopeki, na haiwezi kubadilishwa jina mpaka mambo ya urithi yamalizwe na kaunti itoe cheti kwamba hakuna deni la reti.

4. SHERIA INASEMA NINI JUU YA WAWILI?

Ni vizuri mjue kwamba hata serikali haioni nyumba ya ndoa kuwa ya mtu mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwanza kuwa anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na sheria hiyo inahesabu mchango usio wa fedha: kulea watoto, kutunza nyumba, kusimamia biashara au shamba la familia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba hii haimaanishi nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja hupata kulingana na mchango wake.

Sheria hiyo hiyo inasema pia kwamba deni au gharama ya haki iliyoingiwa kwa manufaa ya ndoa hubebwa na wawili kwa usawa. Basi asiwepo wa kusema, "Hilo ni lako." Anayedai sehemu ya nyumba na ashike pia sehemu ya bili yake.

Jambo lingine la kuangalia ni karatasi mlizo nazo. Wapo waliolipa reti kwa miaka 20 na bado wana barua ya kugawiwa tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba barua ya kugawiwa peke yake haimpi mtu haki ya kumiliki ardhi. Risiti za reti nazo si hati. Lipeni, lakini pia fuatilieni hati. Na mkiandikisha kwa majina ya wawili, ulizeni wakili ni kwa namna gani. Kuna namna ambayo mmoja akifariki ardhi humfikia yule aliyebaki moja kwa moja. Kuna nyingine ambayo kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu huingia katika urithi. Mjane anayejua tofauti hiyo mapema hatahangaishwa wakati wa machozi.

5. TUIFAHAMU BIMA

Watanzamao bima kwa wasiwasi ni wengi, na wana sababu. Wakubwa kati yetu wanakumbuka Kenya National Assurance ilivyoanguka mwaka 1996. Lakini tusiache kununua mwavuli kwa sababu mwavuli wa jirani ulipasuka. Tujifunze kuuchagua.

Mkataba wa bima ya nyumba una sehemu. Sehemu moja ni jengo lenyewe: kuta, paa, ua. Nyingine ni vitu vya ndani: viti, runinga, jokofu, nguo. Kuna sehemu ya vitu mnavyotembea navyo, ya mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na ya mgeni au mpita njia akiumizwa na nyumba yenu. Mpangaji hana haja ya kulipia jengo ambalo si lake. Yeye hukata bima ya vitu vyake tu, na bei yake ni ndogo. Mwenye nyumba naye akumbuke kwamba bima yake ya jengo haimlipi mpangaji vitu vyake.

Someni yaliyomo na yasiyomo. Ulizeni kwa maneno haya: "Mafuriko yamo? Hitilafu ya umeme imo? Mlipuko wa gesi umo?" Uharibifu wa ghasia za kisiasa kwa kawaida haumo, huongezwa kwa malipo ya pekee. Ikiwa mna vyumba vya kupangisha, semeni. Ukificha kwamba nyumba ina wapangaji au duka la kuuzia gesi, kampuni inaweza kukataa kukulipa siku ya msiba.

Jihadharini na kukata bima ndogo kuliko thamani ili mlipe kidogo. Tuseme kuijenga nyumba upya kunahitaji shilingi milioni 4, nanyi mmeikatia bima ya milioni 2. Moto unaunguza jikoni, hasara ni shilingi 600,000. Mtadhani mtalipwa zote kwa kuwa ziko chini ya milioni 2. Sivyo. Kampuni itasema mlikata bima ya nusu, basi itawalipa nusu ya hasara, yaani shilingi 300,000. Na thamani inayotakiwa hapa ni gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuza pamoja na ploti. Ardhi haiungui.

Juu ya malipo ya bima huongezwa makato madogo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni inapoanguka, na shilingi 40 za stempu. Zaidi ya hayo, ulizeni. Hakikisheni kampuni na wakala wana leseni ya Halmashauri ya Kudhibiti Bima, IRA. Ofisi hiyo pia husikiliza malalamiko ya wananchi. Lipeni kwa akaunti ya kampuni, si mkononi mwa wakala, na mkumbuke kwamba kampuni haipaswi kubeba hatari kabla haijapokea malipo.

6. TUFANYE NINI? HATUA TANO

Injili ya Luka inatukumbusha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Sisi tumeshajenga, lakini kuketi na kuhesabu hakujaisha.

Hatua ya kwanza: Wekeni siku. Chagueni jioni moja mwezi wa kwanza, watoto wakiwa wamelala na simu zikiwa mbali. Asiwepo wa kumshtukiza mwenzake mlangoni anapotoka kazini. Anayeanza aseme kwa upole: "Mama watoto, ningependa tuangalie pamoja mambo ya ploti." Au: "Baba watoto, sijui bili yetu imefika wapi, nisaidie nijue." Neno "nisaidie" hufungua mlango ambao neno "niambie" huufunga.

Hatua ya pili: Fungueni faili moja. Ndani yake kuwe na nakala ya hati, bili na risiti za reti, za pango, mkataba wa bima, na picha za vitu vya thamani. Wote wawili wajue linakaa wapi, na mtoto mmoja mkubwa aambiwe. Namba ya ploti na namba za siri za malipo ya simu zisiwe katika kichwa cha mtu mmoja.

Hatua ya tatu: Gawanyeni mwaka kwa 12. Tuseme reti ni shilingi 9,600 na bima ni shilingi 14,400. Jumla ni shilingi 24,000, maana yake shilingi 2,000 kwa mwezi. Shilingi 24,000 mwezi wa karo ni vita, lakini 2,000 kila mwezi ni mpango. Ziwekeni sako au katika akaunti ya pekee. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kisiwe na tundu: fedha za paa zisikopwe kwa ajili ya harusi ya binamu.

Hatua ya nne: Mkishaanguka nyuma, nendeni ofisini pamoja. Msisubiri barua ya mahakama. Ombeni taarifa kamili ya deni na mwangalie kama malipo yenu ya zamani yameingizwa, maana kumbukumbu zilizohama kutoka manispaa hadi kaunti si kila mara ziko sawa. Ulizeni kama mnaweza kulipa kwa awamu. Kaunti nyakati nyingine hutangaza msamaha wa riba kwa watakaomaliza deni la msingi kabla ya tarehe fulani, na nafasi hiyo si ya kupuuza. Lakini kuacha kulipa kwa kungojea msamaha ni sawa na kuacha dawa kwa kungojea muujiza.

Hatua ya tano: Semeni kabla sheria haijapita. Wengi wetu hulalamika bili ikishafika. Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwaita wananchi watoe maoni juu ya muswada wa fedha. Ni katika kesi ya hapa kwetu Kiambu ambapo Mahakama Kuu, mwezi wa Aprili 2014, iliitangaza Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka 2013 kuwa batili, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi hiyo imetajwa mara nyingi tangu wakati huo katika mahakama zetu. Vilevile orodha mpya ya thamani inapotangazwa, mwenye ploti ana haki ya kuikagua na kupinga thamani aliyowekewa ndani ya siku zilizotajwa katika tangazo. Ulizeni kwa mwakilishi wa wadi. Mmoja akiwa kazini, mwingine aende kwa niaba ya wote.

Na je, kama hata baada ya kuhesabu fedha hazitoshi? Basi chagueni pamoja cha kutangulia. Deni la kaunti lenye riba litangulie vitu vya anasa. Bima ya jengo itangulie bima ya vitu. Na ikiwa kuna ploti ya pili ambayo haijengwi wala kulimwa, na inawala kila mwaka, kuiuza ili kuiokoa ile mnayolala si aibu. Lakini uamuzi huo uwe wa wawili, kwa saini mbili na mioyo miwili.

7. NENO LA MWISHO

Wapenzi wanandoa, kuna kulinda familia kwa kuleta chakula, na kuna kulinda familia kwa kuweka karatasi sawasawa. Hii ya pili haipigiwi makofi. Hakuna mtoto atakayesema, "Asante baba kwa kulipa reti." Lakini siku mmoja wenu atakapobaki peke yake, yule aliyetangulia atakuwa bado anamtunza mwenzake kupitia faili lile: risiti zimelipwa, jina liko sawa, paa lina bima. Huo nao ni upendo, na unaanza kwa bili moja kufunguliwa mezani mbele ya macho manne.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA NDOGO

1. Je, kila mmoja wetu anajua bili ya reti ya mwaka huu ni kiasi gani, na mara ya mwisho ililipwa lini?

2. Hati ya nyumba yetu ina jina la nani? Ni ya umiliki wa daima au ya kukodishwa, na imebaki miaka mingapi?

3. Kama nyumba ingeungua leo, kuijenga upya kungegharimu kiasi gani? Bima yetu, kama ipo, inafikia hapo?

4. Kuna deni lolote juu ya nyumba ambalo mmoja wetu amelificha kwa hofu? Tunaweza kulitaja leo bila kulaumiana?

5. Kwa wanaoishi katika ploti ya wazazi: ndugu wamekubaliana nini juu ya bili, na kesi ya urithi imefika wapi?

6. Katika jumuiya yetu yupo mjane au mgane anayesumbuliwa na deni la ploti? Ni nani kati yetu anayeweza kumsindikiza ofisini wiki hii?